Kijana wa Chini ya Miaka 21 na Meli ya Utalii: Mwongozo wa Kukata Tiketi na Kupanda Bila Kuzuiwa Bandarini

Kijana wa miaka 19 anayesoma chuo huko Texas anaweza kupanda ndege peke yake kutoka Houston, akabadilisha ndege Doha na kufika Nairobi bila mtu yeyote kumwuliza mzazi wake yuko wapi. Kijana huyohuyo akienda bandari ya Galveston, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Houston, akiwa na tiketi aliyoilipia mwenyewe ya safari ya siku tano kwenda Mexico, atarudishwa kaunta ikiwa hakuandamana na mtu mzima wa umri unaotakiwa na kampuni. Fedha zake kwa kawaida hazirudi. Jambo hili huwaumiza vijana wetu walioko ughaibuni na wazazi wanaowalipia, kwa sababu wengi hudhani kwamba aliyefikisha miaka 18 ni mtu mzima popote aendapo. Mwongozo huu umekusudiwa kwa kijana anayetaka kusafiri na wenzake, kwa mzazi aliyeko nyumbani anayeombwa ruhusa, na kwa shangazi, mjomba au kaka anayetaka kumchukua mtoto asiyekuwa wake kwenye safari ya baharini.

Sharti hili linatoka wapi

Hakuna sheria ya serikali ya Marekani inayomkataza kijana wa miaka 18, 19 au 20 kupanda meli ya utalii. Sharti ni la kampuni zenyewe, nalo limo ndani ya mkataba ambao abiria huukubali anapolipa nauli, hata kama hakuusoma. Msingi wake ni pombe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 ilitishia kuyanyima majimbo sehemu ya fedha za barabara iwapo yangeendelea kuwaruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe, na tangu majimbo yalipoitii, umri wa kunywa umekuwa 21 nchi nzima. Meli ya utalii ina baa karibu kila sitaha, abiria wamo ndani usiku kucha, na kampuni ndiyo itakayojibu kijana akidhurika au akimdhuru mwingine. Sheria nyingine ya Marekani, ya mwaka 2010, iliyohusu usalama ndani ya meli hizi, iliongeza wajibu wa kuripoti makosa ya jinai kwa FBI na ikaagiza kuta za pembeni mwa sitaha ziwe na kimo kisichopungua inchi 42. Kampuni zinajua zinaangaliwa, na zimechagua kutowapa vijana wasio na mtu mzima kabini ya peke yao.

Naliona sharti hili kuwa kali kwa kijana wa miaka 20 anayefanya kazi, analipa kodi na kupanga nyumba yake mwenyewe. Hata hivyo, karani wa bandarini hana mamlaka ya kulilegeza, na kubishana naye meli ikiwa imebakiza saa mbili kuondoka hakujawahi kumsaidia mtu. Kazi yote inapaswa kufanyika kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Tazama bandari ya kuondokea na jina la kampuni

Bandari ndiyo inayoamua mengi kuliko uraia wako. Royal Caribbean, kwa mfano, inataka katika safari zinazoanzia Amerika Kaskazini kila kabini iwe na angalau mtu mmoja mwenye miaka 21 au zaidi, lakini katika safari zake zinazoanzia Ulaya, Asia au Australia umri huo hushuka hadi 18. Maana yake ni kwamba vijana wawili wa miaka 19 wanaosoma Uingereza wanaweza kuchukua kabini yao wenyewe kwenye meli ya kampuni hiyo inayoondoka Southampton au Barcelona, ilhali hawawezi kufanya hivyo kwenye meli ya kampuni ileile inayoondoka Miami.

Carnival, ambayo meli zake hujaa familia na wanafunzi katika bandari za Miami, Port Canaveral, New Orleans na Galveston, inakwenda mbali zaidi. Aliye chini ya miaka 21 anatakiwa asafiri na ndugu au mlezi mwenye miaka 25 au zaidi. Rafiki wa miaka 22 anayekubalika kama mtu mzima kwa Royal Caribbean hatoshi kwa Carnival, na hapa ndipo makundi ya wanafunzi hukwama, kwa kuwa katika kundi la marafiki wa chuo ni nadra kumpata mwenye miaka 25. Norwegian Cruise Line nayo hudai mtu mzima wa miaka 21 au zaidi katika kabini hiyohiyo au iliyounganishwa nayo kwa mlango, tena mtu huyo akubali waziwazi kubeba dhamana.

Zipo pia meli ambazo hazichukui watoto kabisa. Virgin Voyages na Viking hazimpokei aliye chini ya miaka 18, na meli mbili za P&O Cruises ya Uingereza, Arcadia na Aurora, ni za watu wazima tu. Saga, kampuni nyingine ya Uingereza, imewekwa kwa ajili ya wenye miaka 50 na kuendelea. Usidhani kuwa meli isiyochukua watoto inakuachia huru wewe wa miaka 18, kwani masharti ya nani alale na nani kabinini husomwa mbali na umri wa chini wa kupanda. Ni masharti mawili tofauti, nayo yote yasomwe.

Kwa watoto wachanga, kanuni iliyozoeleka ni miezi 6 kwa safari za kawaida na miezi 12 kwa safari zenye siku nyingi mfululizo baharini, kama zile za kuvuka Atlantiki au kwenda Hawaii.

Hatua ya 2: Hesabu umri kwa siku ya kuondoka, kama ulivyoandikwa kwenye hati

Umri unaohesabiwa ni ule wa siku meli inapoondoka. Siku uliyolipa haihusiki, wala siku utakayorudi. Anayetimiza miaka 21 siku ya pili ya safari, meli ikiwa tayari baharini, huhesabiwa kuwa na miaka 20 safari nzima kwa upande wa kabini. Ikiwa siku ya kuzaliwa iko karibu, ahirisha safari kwa wiki moja. Ni nafuu kuliko kumlipia mtu mzima nauli ambayo haikuwa na ulazima.

Kuna jambo linalowahusu sana wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani. Familia nyingi zilizotoka Kongo na kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale ziliandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, kwa sababu tarehe halisi haikujulikana au haikuwa na cheti wakati wa usajili. Kijana aliyezaliwa Mei lakini hati zake zikasema Januari atahesabiwa kwa Januari, na aliyeandikiwa mwaka uliochelewa atahesabiwa kuwa mdogo kuliko alivyo. Kampuni ya meli haisikilizi ushahidi wa mama. Ikiwa tarehe imekosewa, marekebisho hufanywa kwa mamlaka iliyotoa hati, na huchukua muda mrefu kuliko safari yoyote inavyoweza kusubiri. Kwa hiyo panga safari kwa tarehe iliyomo kwenye hati uliyonayo leo, na uijaze hivyohivyo wakati wa kukata tiketi.

Hatua ya 3: Amua mtu mzima ni nani, na nani atalala wapi

Mtu mzima wenu lazima asafiri kweli. Wapo wanaomwandika dada mkubwa kwenye kabini ili mfumo wa kompyuta ukubali malipo, huku wakijua hatafika bandarini. Karani akikuta kwamba mtu mzima wa kabini hakutokea, waliobaki wote wa kabini hiyo huzuiwa, hata yule aliyekuja kutoka jimbo jingine kwa ndege. Vilevile, mtu mzima akiugua siku moja kabla ya safari, kundi zima liko hatarini. Kama mko wengi, afadhali muwe na watu wazima wawili.

Kwa familia inayosafiri na wazazi, mambo ni mepesi zaidi. Royal Caribbean huruhusu watoto wakae kabini iliyo jirani na ya wazazi wao, na Carnival nayo hupanga umbali wa kabini ya watoto kulingana na umri wao: mdogo kabisa huwekwa mlango wa pili au ng'ambo ya ukumbi, mkubwa huruhusiwa kusogea mbali kidogo. Familia yenye watu sita, ambayo kwetu si kubwa, kwa kawaida itahitaji kabini mbili. Ombeni kabini zilizounganishwa kwa mlango mapema, maana ni chache na huisha haraka nyakati za likizo za shule.

Wanandoa wachanga wana nafuu yao. Mume wa miaka 20 na mke wa miaka 19 hukubaliwa na Royal Caribbean na Carnival ikiwa wataonyesha uthibitisho wa ndoa. Waliofunga ndoa kwa kadhi, kanisani au bomani wachukue cheti kilichosajiliwa na serikali. Picha za harusi hazikubaliwi kama ushahidi, na cheti kilichoandikwa kwa lugha ambayo karani haisomi kiambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Askari walioko kazini katika jeshi la Marekani nao hupewa msamaha kama huo kwa kitambulisho chao cha jeshi.

Hatua ya 4: Andika barua ya idhini, na uiandike vizuri

Hii ndiyo hatua inayowasumbua watu wetu kuliko zote. Katika familia zetu mtoto hulelewa na wengi. Anaweza kuwa amekaa na mama mdogo huko Minneapolis tangu darasa la tatu, akasomeshwa naye na kupelekwa hospitali naye, lakini mbele ya karani wa bandari mama mdogo huyo si mzazi wala si mlezi wa kisheria mpaka karatasi iseme hivyo. Wakati mwingine hata mama mzazi hupata taabu, kwa kuwa mtoto hubeba jina la baba na la babu, naye mama akabaki na majina ya baba yake mwenyewe, na pasipoti zao zikiwekwa pamoja hakuna jina hata moja linalofanana.

Mama wa namna hiyo achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachotaja majina ya wazazi wote wawili. Mlezi aliyepewa ulezi na mahakama achukue hati ya mahakama. Wengine wote, yaani shangazi, mjomba, binamu, mama wa kambo na rafiki wa familia, wanahitaji barua ya wazazi. Masharti ya Royal Caribbean kuhusu mtoto anayesafiri na mtu mzima asiye mzazi wala mlezi wake wa kisheria ni kielelezo kizuri hata kwa kampuni nyingine: barua iwe halisi, si nakala, iwe imesainiwa na mzazi mmoja angalau, iwe imethibitishwa kisheria na mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia saini (notary), nayo imruhusu mtu mzima huyo kumchukua mtoto kwenye safari hiyo mahususi, kumsimamia, kusaini fomu kwa niaba yake na kukubali matibabu yake.

Iandikwe kwa Kiingereza, na maudhui yake yafuate mfano huu: "Sisi (majina kamili ya wazazi, namba za pasipoti au vitambulisho), wazazi wa (jina kamili la mtoto), aliyezaliwa tarehe (…), mwenye pasipoti namba (…), tunamruhusu (jina kamili la mtu mzima, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na uhusiano wake na mtoto) kusafiri naye kwenye meli (jina la meli) inayoondoka bandari ya (…) tarehe (…) na kurejea tarehe (…). Tunampa mamlaka ya kumsimamia, kusaini fomu zote za shughuli za melini kwa niaba yake, na kukubali matibabu yoyote ambayo daktari ataona yanahitajika. Tunapatikana kwa simu namba (…)." Ingawa saini moja inaweza kutosha kwa kampuni, nashauri wazazi wote wawili wasaini wanapoweza, kwa sababu maafisa wa uhamiaji wa nchi mtakazotembelea wanaweza kuuliza kuhusu mzazi ambaye hakusaini. Mzazi aliyefariki aonyeshwe kwa cheti cha kifo, na mzazi aliyepewa ulezi peke yake kwa hukumu ya mahakama.

Mzazi aliyeko Marekani atapata mthibitishaji wa saini katika benki nyingi na katika maduka ya kutuma vifurushi. Aende na kitambulisho na asisaini kabla ya kufika, kwa kuwa mthibitishaji anapaswa kuishuhudia saini ikiwekwa. Mzazi aliyeko Dar es Salaam au Mombasa aende kwa wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo, ahakikishe muhuri unasomeka pamoja na jina la wakili, kisha aitume barua halisi kwa kampuni ya usafirishaji wa vifurushi. Picha ya barua kwenye WhatsApp inafaa kwa kukagua makosa kabla ya kusaini, lakini usiende nayo bandarini ukitumaini itapokelewa. Ruhusu wiki kadhaa kwa ajili ya kutuma, na barua ikifika, aliyekabidhiwa aiweke pamoja na pasipoti ya mtoto wala asiiweke kwenye begi kubwa, kwa sababu mabegi hukabidhiwa kwa wapagazi kabla ya ukaguzi wa hati.

Hatua ya 5: Pasipoti, viza na njia ya kurudi

Raia wa Marekani anayesafiri na meli inayoondoka na kurejea bandari ileile ya Marekani anaweza, kwa safari nyingi za eneo hilo, kutumia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho badala ya pasipoti. Watoto wetu wengi waliozaliwa huko wamo katika kundi hili, ilhali wazazi wao hawamo. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji pasipoti iliyobakiza angalau miezi 6, na achunguze masharti ya kila nchi ambayo meli itatia nanga, hata kama hana nia ya kushuka.

Kumbuka kwamba meli ikitoka, wewe pia umetoka nchini. Aliye Marekani kwa viza ya kuingia mara moja asikate tiketi mpaka ajue atarudi kwa hati gani, na vivyo hivyo kwa mwenye viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja ambaye meli yake ya Barcelona itapitia Tunisia au Uturuki kabla ya kurudi Hispania. Mwanafunzi aliyeko Marekani kwa viza ya masomo ya F-1 ahakikishe fomu yake ya I-20, ile aliyopewa na chuo, imesainiwa na afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni katika miezi 12 iliyopita, kisha amwulize afisa huyohuyo kuhusu safari yenyewe. Kijana mwenye hadhi ya mkimbizi ambaye bado hana pasipoti anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131 kabla ya kuondoka, na maombi hayo huchukua miezi. Bila hati hiyo anaweza kukwama nje, jambo zito kuliko kupoteza nauli.

Hatua ya 6: Kata tiketi, na upate majibu kwa maandishi

Jaza umri wa kweli wa kila mtu tangu mwanzo. Mfumo ukikataa, usibadilishe tarehe ili upite. Piga simu kwa kampuni au wakala, eleza umri wa kila mmoja na mpangilio wa kabini, kisha omba jibu kwa barua pepe. Swali liwe mahususi: "Tuko wanne, wenye miaka 24, 20, 19 na 17, tunaondoka Galveston, nani anaruhusiwa kulala kabini gani?" Swali la jumla hupata jibu la jumla, na jibu la jumla halitakusaidia kaunta. Kundi la wanafunzi lifanye hivi kabla ya kuchangishana fedha, maana baadhi ya kampuni zina masharti ya ziada kwa makundi ya vijana.

Hatua ya 7: Siku ya kupanda, na maisha ndani ya meli

Fikeni pamoja. Mtu mzima na vijana wake wapange mstari mmoja, karatasi zikiwa mkononi kwa mpangilio huu: pasi ya kupandia, pasipoti, cheti au barua. Karani atatazama tarehe ya kuzaliwa kwanza, na akiona kila kabini ina mtu wake mzima mambo huenda haraka.

Ndani ya meli, kadi ya kabini huonyesha umri wako kila unapoiskanisha. Kwenye safari za Amerika Kaskazini pombe ni kwa wenye miaka 21, na mtu mzima akimnunulia kijana wote wawili wanaweza kushushwa bandari inayofuata kwa gharama yao. Klabu za vijana zina mipaka yake: Carnival hutenga wa miaka 12 hadi 14 na wa 15 hadi 17, Norwegian huwaweka pamoja wa 13 hadi 17. Mwenye miaka 18 hadi 20 hana klabu na hana baa, na hilo aambiwe mapema ili achague meli yenye michezo, maonyesho na bandari nyingi. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kushuka bandarini bila mtu mzima wake, wala kuzurura usiku wa manane kumbini. Mtu mzima anaweza pia kuomba dawati la wageni liweke kikomo cha matumizi kwenye kadi ya kijana. Afanye hivyo siku ya kwanza.

Ukizuiwa bandarini

Omba kuongea na msimamizi wa zamu, onyesha barua pepe ya kampuni ikiwa unayo, na umpigie wakala papo hapo, kwa sababu orodha ya abiria hufungwa kabla ya meli kuondoka. Wakati mwingine suluhisho ni kuhamisha mtu mzima kutoka kabini moja kwenda nyingine, jambo ambalo karani anaweza kulifanya kwa dakika chache. Ikishindikana, omba maelezo ya kuzuiwa kwa maandishi na uulize kuhusu kurudishiwa kodi na ada za bandari, ambazo huhesabiwa mbali na nauli. Kuhusu bima ya safari, isome kabla ya kuinunua, kwa kuwa nyingi hazimfidii abiria aliyezuiwa kwa kukosa hati au kutotimiza umri.